Pale Papa Ténor Aliponyamaza

"Papa alikuwa amekufa, na alikuwa anaimba."

Glody, mfanyakazi wa nyumbani kwa marehemu, alisema hivyo siku walipomkamata, na asubuhi hii akasema vilevile, bila kuongeza wala kupunguza neno. Alikuwa ameketi kwenye saruji ya cachot, mahabusu ya polisi, mgongo ukutani, mtoto wake Merveille amelala mapajani. Siku ya kwanza polisi walicheka, kisha wakamkaripia, kisha wakaacha kumuuliza. Inspekta Colombe Nabintu hakucheka. Alimimina uji wa bouillie kutoka kwenye thermos aliyotoka nayo nyumbani, akangoja Glody amalize kikombe, ndipo akachuchumaa mbele yake.

"Rudilia. Tangu asubuhi ya ile siku."

"Nilienda na mutoto ku pesée, kumupima kilo. Courant ya umeme ilikuwa iko. Nikarudi saa ya kupika, courant imeshaenda. Mulango ya salon ilikuwa imefungwa. Papa akifunga mulango, hatuingiaka. Nikapika kule inje. Mangaribi courant ikarudi, batoto ba avenue wakapiga makelele, na Papa akaanza kuimba. Nikasema, eh, ameamuka. Nikabeba sahani, nikafungua."

"Ukaona nini?"

"Eko mu kiti yake. Kichwa imeangukia bega. Nikamugusa mukono." Glody alivitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. "Baridi, inspecteur. Sawa jiwe ya ku lac. Na sauti yake inajaa munyumba."

"Mudomo yake ilikuwa inacheza?"

"Ilifungwa."

"Halafu?"

"Halafu courant ikaenda tena. Na sauti nayo ikashuka. Haikukatika, ilishuka. Ikakuwa nzito, nzito, sawa mutu anazama mu mayi akingali anaita. Ikaisha. Njo nikakimbia."

Mtoto alikohoa usingizini. Colombe alimfunika mguu kwa ncha ya kitenge, akasimama.

Marehemu alikuwa Polycarpe Cirimwami, ambaye Bukavu nzima ilimwita Papa Ténor. Mapadre walimsikia akiimba kwenye kwaya akiwa kijana, wakampeleka Italia, na kule akasimama kwenye majukwaa ya opera ambayo wazazi wake hawakuyaona hata kwa picha. Disque zake, santuri za nyimbo za opera za Kiitaliano, zilifika hata kwenye nyumba ambazo hazikuwa na mtu wa kuelewa neno moja la Kiitaliano. Alirudi kuzeekea Nguba, kwenye nyumba ya mawe inayotazama ziwa. Daktari alisema alizibwa pumzi kwa mto wa kiti. Saa ya kufa hakuweza kuitaja. Ila majirani waliitaja: tulimsikia akiimba mangaribi, walisema, basi mangaribi alikuwa hai. Na mangaribi, ndani ya ua wa ile parcelle hapakuwa na mtu mwingine ila Glody.

Kwa commandant wa kituo, hayo yalitosha. Gari la gereza lingepita leo jioni, nalo lingembeba Glody pamoja na Merveille, kwa kuwa mtoto alikuwa bado ananyonya.

Ila jana lilitokea jambo. Jioni ile ya kifo cabine ya umeme ya avenue iliungua, na tangu hapo mtaa wote ulikaa gizani. Jana mafundi waliitengeneza. Mangaribi courant ikarudi kwa kitambo kidogo tu, kama ya kujaribu, ikaenda tena. Katika kitambo hicho nyumba ya marehemu, iliyofungwa kwa lakiri ya polisi, isiyo na mtu ndani, iliimba.

Brigadier Bruno alikuwa akimngoja Colombe nje ya ofisi, kofia mkononi.

"Inspecteur, tungepitia kwanza kwa Padri."

"Padri hana ufunguo."

"Ana mayi ya baraka."

"Kamata lampe yako, Bruno, twende."

*

Constance, jirani wa geti kwa geti, alikuwa akigeuza beignets, maandazi yake, kwenye karai mbele ya ukuta wake. Hakuwa na mteja. Barabara nzima ilikuwa kimya, na watu waliopita walipita upande wa pili.

"Lakiri ni nzima," alisema kabla hajaulizwa. "Tulienda kuangalia leo asubuhi, sisi wote pamoja. Hakuna mutu aliingia."

"Nakuamini, maman. Niambie ile siku ya kwanza. Alianza namna gani kuimba?"

"Alianzia chini. Chini sana, sawa mutu anaamuka na homa. Kisha ikapanda, ikakuwa sauti yake. Tukasema, uzee."

"Na courant ilikuwa imerudi kitambo?"

"Pale pale. Batoto walikuwa wangali wanapiga makelele ya courant."

Colombe aliichukua beignet moja, akaikata katikati, akampa Bruno nusu. "Aliimba wimbo gani?"

"Ile yake ya kila siku. Mutu amefungwa, anaomba wamufungulie dirisha tu, mulango wabaki nayo. Yeye mwenyewe njo alitufasiriaka." Constance aliweka mwiko chini. Alisogea karibu. "Lakini hakusimama."

"Hakusimama namna gani?"

"Kuna pale mu wimbo inapanda juu kabisa. Papa akifika pale, ananyamazaka. Kifua haikumufikisha tena. Ananyamaza, anangoja. Na batoto ba avenue, bo njo wanaimbaka ile noti pa nafasi yake, wote, hapa barabarani. Wakimaliza, yeye anaendelea. Mwanzo walikuwa wanamuchekelea, batoto ni batoto. Kisha ikakuwa desturi. Alikuwa anawatupia bonbon kwa dirisha."

"Na ile siku?"

"Ile siku wakajaza pumzi, wakangoja. Yeye akapita. Akapanda mpaka juu, peke yake, sawa kijana wa kuoa. Batoto wakabaki midomo wazi." Constance alijipapasa mikono iliyosisimka. "Mudogo wangu akaniambia, Maman, ile si Papa Ténor. Ile ni mutu alikuwaka zamani."

Bruno aliacha kutafuna.

"Alikuwa na tourne-disque, mashine ya kupigia disque?" Colombe aliuliza.

"Zamani, ndiyo. Ilikufa kitambo sana. Mimi tangu nizae mutoto wa kwanza sijaisikia."

"Futa mikono, maman. Utaingia na sisi, uwe shahidi."

"Mimi?"

"Utasimama kati yangu na Bruno."

"Afadhali unisimamishe kati yako na mulango," alisema Constance, lakini alishafungua aproni.

*

Colombe alikata lakiri mbele ya macho ya Constance, akasukuma mlango. Hewa ya ndani ilikuwa na baridi ya ziwa na harufu ya dawa ya kusugulia viungo. Kiti cha Papa Ténor kilikuwa pale pale, kimeelekea dirishani, na kitambaa chake cha nyuma kilikuwa bado kina shimo la kichwa, pale kilipozoea kuegemea.

Hakwenda kwenye kiti. Usiku ule wa kwanza polisi wote walikizunguka hicho, kwa tochi, gizani. Colombe alianzia kwenye kuta. Alipiga magoti, akafuata kila waya kutoka kwenye kifaa hadi kwenye prise yake ya ukutani, kama mtu anayetafuta panya.

Televisheni: imechomolewa. Frigo, kwenye jiko dogo linaloingiliwa salon: imechomolewa.

"Kawaida," alisema Bruno. "Courant ikienda, unachomoa. La sivyo ikirudi na nguvu inaunguza vyote. Kwetu tulipoteza congélateur namna hiyo, na samaki yote ndani."

"Nani alichomoa?"

"Mzee mwenyewe."

"Mzee alikuwa anatembea na fimbo, nyonga imeoza. Maman Constance, aliweza kuinama?"

"Papa? Hata kiatu Glody njo alikuwa anamuvalishaka."

"Na prise ya frigo iko nyuma ya frigo, pale chini. Glody anasema alitoka asubuhi courant ikiwa iko, na aliporudi hakuingia hapa."

"Anasema," alijibu Bruno.

Colombe alivuta frigo kwa bega. Waya wake haukuwa umetupwa ovyo sakafuni. Ulikuwa umekunjwa miviringo iliyolingana, mmoja umelala huku, mwingine umegeuzwa kule, na katikati umefungwa kwa kipande cha mpira mweusi, kilichokatwa kutoka chambre à air ya gurudumu la pikipiki. Alirudi kwenye televisheni. Miviringo ileile. Mpira uleule. Alipiga picha mara kadhaa kwa simu, akamwonyesha Constance kila picha, akaandika.

Ulibaki waya mmoja. Ulitoka ukutani ukaingia nyuma ya meuble ya mbao nyeusi, ndefu kama jeneza la mtoto, iliyofunikwa kitambaa cha crochet, na juu yake sanamu ya Bikira Maria na picha za ndoa za watu waliokwisha kufa. Huu peke yake haukuchomolewa.

"Hii ni nini?"

"Kabati ya sahani," alisema Bruno.

Colombe aliondoa Bikira Maria kwa mikono miwili, akampa Constance amshike. Alikunja kitambaa, akainua kifuniko. Ndani, juu ya bamba la mviringo, disque nyeusi ilikuwa imetulia, na mkono wa sindano ulikuwa umelala juu yake, katikati ya wimbo.

Kisha Bruno akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyeshushwa mzigo.

"Ni tourne-disque. Courant ikikuja, inaimba. Courant ikienda, inakufa. Na miye tangu jana sijakula."

"Ilikuwa imekufa kitambo," Colombe alisema. Aliinua bamba kidogo. Chini yake, mahali pa mkanda unaozungusha, palifungwa mkanda mwingine, mpya, mweusi, uliokatwa kwa wembe kutoka chambre à air. "Kuna mutu aliifufua."

Alitoka kwenye veranda kumpigia commandant, akamweleza yote taratibu. Commandant alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Umenisaidia. Sasa tunajua Glody alitega ile kitu ili atuchanganye."

"Glody angetega sauti ili imuangukie yeye mwenyewe? Commandant, mutu mwenye alihitaji mzee aimbe mangaribi ni mutu mwenye mangaribi alikuwa mbali, mbele ya macho ya batu. Aliingia muchana, courant ikaenda. Akaua. Akaweka sindano juu ya disque imesimama, akaacha hiyo prise moja ndani, akajiendea. Kazi iliyobaki, courant ikirudi kutoka délestage ingeifanya."

"Na huyo mutu ni nani?"

"Ni mutu mwenye hataki frigo iungue."

"Colombe, gari ya gereza haingojaki mawazo. Niletee mutu."

Alirudi ndani. Aliuacha waya wa televisheni ulivyo. Wa frigo aliufungua, akauchomeka ukutani. Mwishoni aliandika mahali sindano ilipokuwa, kisha akaurudisha mkono wake mwanzoni mwa wimbo.

"Inspecteur," Bruno alisema, "hiyo ya mwisho ni lazima?"

"Ni lazima."

*

Kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi ya misa ya maziko kwenye salle ya parokia. Thierry, mpwa wa marehemu na mrithi wake wa pekee, alikuwa nyuma ya meza ya sonorisation, akipandisha na kushusha sauti kwa vidole vilivyojua kazi. Alikuwa na macho mekundu na adabu nyingi. Alimtolea Colombe kiti, akakipangusa.

"Maman inspecteur, karibu. Samahani ya makelele."

"Pole na msiba, Thierry. Mazoezi yanakwenda?"

"Masoprano wanavuta. Tonton angewafukuza wote."

Chini ya meza, ndani ya sanduku la plastiki, câbles za micro, nyaya za vipaza sauti, zilipangwa moja juu ya nyingine. Kila moja ilikunjwa miviringo iliyolingana, mmoja huku, mwingine umegeuzwa kule. Kila moja ilifungwa kwa mpira mweusi. Colombe aliinama, akaokota moja, akaipima mkononi.

"Umepanga vizuri. Vijana njo wanakusaidia?"

"Wanisaidie?" Thierry alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Hakuna mutu anagusaka câble yangu. Ukikunja vibaya, inakatika ndani, na hauwezi kuona. Kila fundi na mukono yake." Kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe alivaa mipira kadhaa ya namna hiyo, kama bangili.

"Mara ya mwisho uliingia kwa tonton ni lini?"

"Pasaka. Tulikula sambaza, tukagombana, nikatoka. Sijarudi."

"Mligombana juu ya nini?"

"Disques. Kuna maison moja ya disques kule Italia ilitaka kuzitoa upya. Karatasi zilifika mpaka hapa. Akakataa kuweka mukono." Alishusha kitufe kimoja, akakipandisha tena. "Uzee, maman. Uzee iko na kiburi."

"Na ile siku yenyewe?"

"Nilikuwa hapa. Uliza chorale yote. Mangaribi nilikuwa nimesimama hapa hapa."

"Niliwauliza. Wote wanasema ulikuwa hapa."

"Basi." Alisafisha koo. "Maman inspecteur, ile kostimu yake nyeusi ya théâtre, nimeiomba kwa polisi mara ngapi. Kesho tunamuzika. Naomba tu niingie, niichukue, nitoke."

"Njoo mangaribi. Courant ikirudi tutaona vizuri."

Vidole vyake vilisimama juu ya vitufe. "Hatuwezi kwenda sasa? Kungali mwanga."

"Sasa niko na kazi."

"Hata dakika kidogo."

"Mangaribi, Thierry."

*

Ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani, ukafika kwenye dirisha la Papa Ténor, ukasimama pale kama mgeni. Ndani kulibaki mwanga wa kutosha kuona umbo la kiti na shimo lake la kichwa. Bruno alisimama mlangoni. Constance alisimama nyuma ya Bruno, rozari mkononi. Thierry alikuwa katikati ya chumba, kostimu nyeusi mikononi, imeshapatikana zamani, lakini Colombe hakumruhusu kutoka.

"Kuna kitu unangoja, maman inspecteur?"

"Courant."

"Courant ya Bukavu haina ahadi. Inaweza isikuje."

"Inaweza."

Simu ya Colombe ilitetemeka mfukoni. Ujumbe kutoka ofisini: gari la gereza limefika. Aliirudisha mfukoni.

Thierry alisogea hatua moja kuelekea ile meuble. "Nichukue tu hii sanamu ya Bikira, tuiweke pa kaburi."

"Wacha Bikira pahali pake."

Mbwa alibweka chini huko kwenye njia ya ziwa. Constance alimaliza fumbo moja, akaanza lingine. Giza lilikaza. Kisha, mbali, upande wa Muhumba, watoto walipiga kelele, wa mtaa uliofuata wakadaka, wa hapa wakadaka, na taa ya dari ikawaka yote kwa mara moja, nyeupe, kali kupita kiasi, ikinguruma ndani ya kioo chake.

Chini ya mguno wa taa kulikuwa na mguno mwingine.

Ulianzia kwenye mbao za sakafu. Haukuwa sauti ya mtu bado. Ulikuwa kama kitu kizito kinachovutwa kutoka kisimani. Ukapanda. Ukapata koo. Ukapata maneno. Bruno alijua ni mashine, aliiona kwa macho yake asubuhi ile, na bado mkono wake ulifanya ishara ya msalaba. Kijana aliyekuwa Papa Ténor, mwenye pumzi zote za kifua chake, alisimama ndani ya chumba akaomba afunguliwe dirisha.

Thierry alibaki amekikodolea macho kiti.

Taa ilizidi kuwaka. Nyuma ya ukuta wa jikoni frigo ilianza kutetemeka, ikigonga ukuta, ikilia kama bati.

"Frigo," Colombe alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Inaungua."

Kostimu iliangukia sakafuni, na Thierry alikuwa ameshapita mlango wa jikoni, ameingiza mkono nyuma ya frigo bila kuangalia, amevuta. Tetemeko likakoma. Alisimama na waya mkononi, akipumua, na wakati anapumua mikono yake iliendelea peke yake: mviringo huku, mviringo umegeuzwa kule, huku, kule. Kidole kilitelezesha mpira kutoka kwenye kifundo. Ukazunguka, ukakaza.

Colombe alikuja taratibu kutoka salon. Mkononi alikuwa na waya wa televisheni, alioutoa nyuma ya televisheni bila kuufungua, jinsi alivyoukuta asubuhi. Aliuweka juu ya frigo, kando ya ule ambao Thierry alikuwa bado ameushika.

Hakuna aliyehitaji kueleza. Bruno alitazama huu, akatazama ule. Constance aliacha kusali.

"Maman Constance amekuwa na mimi tangu lakiri ilipokatwa," Colombe alisema. "Huu njo tuliukuta. Na mkanda ndani ya tourne-disque ni mpira huohuo. Glody hajui kukunja hivi. Tonton hakuweza kuinama. Na mwizi hajali frigo ya mutu ikiungua."

Thierry aliuweka waya juu ya frigo kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Nyuma yao mjomba wake alikuwa akiimba ubeti wa pili.

"Ilikuwa bado mupya," alisema.

"Nini?"

"Frigo. Niliingia kwa njia ya lac. Nilimwambia, Tonton, weka mukono tu, hizi disques zitasikika tena dunia nzima. Nilimutengenezea hata mashine yake, nilikuja mara kadhaa Glody akiwa hayuko, ili ajisikie tena, ili akubali. Courant ilikuwa ingali iko, akasikiliza upande wote. Akafunga macho." Thierry alikuwa akizungumza na mikono yake. "Kisha akasema hapana. Eti ule kijana wa mu disque amekufa, asisumbuliwe. Eti yeye sasa anaimba na batoto ba avenue, na ile noti wameichukua, ni ya bo. Batoto ba barabara. Sauti kama ile."

"Njo ukachukua mto."

Bruno alimshika mkono, bila ukali, akamvalisha pingu juu ya bangili zake za mpira.

"Tuzime hii kitu, inspecteur?" Bruno aliuliza.

"Bado."

Colombe alikuwa tayari na simu sikioni. Ililia muda mrefu. Alipokelewa na polisi wa zamu. Nyuma yake ilisikika injini ya gari na mtoto anayelia.

"Ni Colombe. Glody asipande."

"Ameshaweka mguu mumoja, inspecteur."

"Autoe. Mutu tumemupata, eko na pingu hapa mbele yangu. Commandant nitamupigia sasa hivi. Mupe Glody simu kwanza."

Kulikuwa na mkwaruzo, kisha pumzi. "Inspecteur?"

"Glody, shuka mu hiyo gari. Umalize tu mambo ya ofisi, unarudi kwenu, mtaa wa Kasha, leo."

Glody hakusema asante. Colombe aligundua kwamba alikuwa anasikiliza, kwamba ile sauti ilikuwa ikipita ndani ya simu, ikipanda sasa, ngazi kwa ngazi, kuelekea pale.

"Ni Papa," Glody alinong'ona. "Inspecteur, ni yeye tena."

Hapo courant ilienda.

Taa ilizimika. Sauti ilibaki kitambo kidogo gizani, ikalegea, ikateleza, ikashuka chini ya sauti ya mtu, chini ya mbao, hadi pasipo na kitu. Hawakuonana. Pumzi ya Thierry ilikuwa ya haraka. Kiti kililia kidogo, kama viti vya zamani vinavyolia baridi ikiingia.

Kisha, nje, upande wa barabara, mtoto mmoja aliianza. Bila shaka alikuwa amejibanza ukutani tangu mwanzo, na hofu yake yote. Ilikuwa nyembamba, ilikosea kidogo, ikajirekebisha. Wa pili akaidaka, na wa tatu, kisha barabara nzima ya Nguba ikawa imeishika ile noti ya juu kabisa, na wakaishikilia, kama walivyozoea, wakimngoja mwenyewe aendelee.

Colombe alikwenda dirishani, akalifungua, akainyoosha simu nje kwenye ukungu.

"Unasikia?"

"Nasikia," alisema Glody. Mtoto wake alikuwa amenyamaza. "Ni batoto ba avenue?"

"Ni bo," Colombe alisema. "Ni bo tu."